Miti ya Nusu Dola: Safari ya Mwisho ya Rouse Simmons

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mkazi wa Chicago aliyetaka mti wa Krismasi aliteremka hadi daraja la Clark Street. Pale mtoni, katikati ya jiji la majengo marefu, palikuwa na chombo cha matanga kimefunga gati, sitaha imejaa misonobari michanga na harufu yake imetanda hadi barabarani. Mnunuzi alipanda kwa ubao, akageuzageuza miti, akavutana bei na mwenye chombo. Mti wa kawaida ulikuwa senti 50. Ule mnyoofu, uliojaa matawi pande zote, ulifika dola moja. Makanisa na familia zisizo na kitu zilipewa bure. Mwenye chombo, Nahodha Herman Schuenemann, alikuwa mtu wa uso mkunjufu, na watu wakambandika jina la Kapteni Santa.

Jina hilo limeganda. Tangu chombo chake, skuna Rouse Simmons, kizame katika Ziwa Michigan tarehe 23 Novemba 1912, watu wa majimbo yanayolizunguka ziwa hilo husimuliana habari zake kila Krismasi inapokaribia, na kila mwaka nahodha huzidi kufanana na mtakatifu. Ametungiwa nyimbo, vitabu vya watoto, hata tamthilia ya muziki. Sina ugomvi na ukarimu wake. Lakini kila ninaposoma habari za safari ile, kinachonikaa kichwani ni hesabu za mchuuzi: shehena ya bei rahisi, chombo kikuukuu cha bei rahisi, na soko ambalo tarehe 26 Desemba hufa kabisa.

Tukitazame chombo kwanza, maana kilikuwa na maisha marefu kabla ya kubeba mti hata mmoja wa Krismasi.

Rouse Simmons iliundwa Milwaukee mwaka 1868, kwenye karakana ya Allan, McClelland na wenzao. Ilikuwa na milingoti mitatu, urefu wa futi 123.5, yaani mita 38 hivi, na upana wa futi 27.6. Tani zake zilikuwa 205. Ilipewa jina la mfanyabiashara wa mji wa Kenosha, mtu wa ukoo ule ule wa Simmons ambao baadaye ulitajirika kwa magodoro. Matanga ya skuna hukaa kwa urefu wa chombo, kutoka omo kuelekea tezi, hayakai kwa kukingama kama ya merikebu za kale za bahari kuu. Faida yake ni kwamba mabaharia wachache waliosimama sitahani waliweza kuyatweka na kuyatua bila kupanda juu. Tena skuna za maziwa yale zilikuwa na ubao mkubwa katikati, ulioteremshwa chini ya mkuku ili chombo kisisukumwe ubavu na upepo, kisha ukapandishwa chombo kilipoingia bandari yenye kina kifupi au mdomo wa mto. Kilikuwa chombo cha kazi, na hakuna aliyekiunda ili kisifiwe.

Na kazi ilikuwapo. Ziwa Michigan lina eneo la kilomita za mraba 58,000 hivi. Ziwa Victoria linalizidi kwa ukubwa, lakini kwa kina halioni ndani: Victoria haifiki mita 100, Michigan ina mahali inapopita mita 280. Upande wa kaskazini na mashariki wa ziwa palikuwa na misitu mikubwa ya misonobari, na kusini palikuwa na Chicago, jiji lililokuwa likimeza mbao kama moto. Oktoba 1871 moto wenyewe ukaja, ukateketeza sehemu kubwa ya jiji, na mbao za kulijenga upya zikavushwa ziwani. Kwa miaka 20 hivi Rouse Simmons ilikuwa mali ya Charles Hackley, tajiri wa mbao wa Muskegon, ikienda Chicago imejaa na kurudi tupu, safari baada ya safari. Hackley alitajirika mno, na baadhi ya utajiri huo akaujengea mji wake maktaba na hospitali. Chombo chenyewe kilizidi kuchoka tu.

Kisha misitu ikaisha. Meli za mvuke na reli zikachukua mizigo yenye faida, na skuna zikabaki kuokoteza: viazi, nguzo za uzio, magome ya miti ya kutengenezea ngozi. Zikauzwa na kuuzwa tena, mara nyingi kwa hisa, kila mmoja akinunua kipande anachokimudu. Mwishoni mwa karne ya 19 Rouse Simmons iliangukia mikononi mwa Mannes Bonner wa kisiwa cha Beaver, na kufikia mwaka 1912 Schuenemann alikuwa na hisa moja tu kati ya nane. Hisa nyingine kama hiyo ilikuwa ya Nahodha Charles Nelson, baharia mkongwe aliyesafiri naye. Sehemu iliyobaki, robo tatu nzima, ilikuwa ya Bonner. Kwa hiyo tunapoambiwa “meli ya Kapteni Santa”, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya meli ile haikuwa yake.

Shehena gani ingelifaa chombo cha namna hiyo? Misonobari ya Krismasi. Ni mepesi, haiharibiki ikilowa maji, na inasafirishwa Novemba, wakati wenye vyombo vizuri wamekwisha kuviegesha kukwepa dhoruba na barafu, kwa hiyo chombo kizee kinapatikana kwa nafuu. Soko nalo lilikuwa tayari. Desturi ya kuupamba mti nyumbani ililetwa Marekani hasa na Wajerumani, na Chicago ilijaa Wajerumani. Schuenemann mwenyewe alikuwa wa damu hiyo, mzaliwa wa Ahnapee, mji wa Wisconsin kando ya ziwa ambao leo unaitwa Algoma.

Biashara ile ilianzishwa na kaka yake, August. Novemba 1898 August aliondoka kaskazini na shehena ya miti katika skuna ndogo iliyoitwa S. Thal. Dhoruba ikaikuta karibu na Glencoe, mwendo mfupi tu kutoka Chicago, ikaivunja, na hakuna aliyeokoka. Herman hakuwamo. Mkewe, Barbara, alikuwa amejifungua pacha wiki chache kabla, naye akabaki nyumbani. Msiba huo ulitosha kumtoa mtu majini moja kwa moja. Herman aliendelea.

Biashara haikumnyookea. Mwaka 1907 alikwenda mahakamani kutangaza kwamba amefilisika. Alipoinuka tena alitafuta njia ya kukwepa walanguzi waliosimama kati ya mkata miti na muuza miti: akapata ardhi yake, ekari 240 katika rasi ya kaskazini ya jimbo la Michigan, karibu na kijiji cha Thompson, akawa anakata mwenyewe, anasafirisha mwenyewe na kuuza mwenyewe sitahani. Bintiye mkubwa, Elsie, na mama yake walisokota mashada ya matawi kwa ajili ya kupambia milango, na hayo nayo yakauzwa. Ile nusu dola ilibidi igawanyike kwa wakata miti, mabaharia, hisa za Bonner, gharama za gati na unga wa nyumbani. Iliyobaki haikutosha kununua matanga mapya.

Hapa tunafika Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1912, siku ambayo Rouse Simmons, chombo cha umri wa miaka 44, kiling'oa nanga Thompson.

Makadirio ya miti iliyopakiwa ni kati ya 3,000 na 5,000. Ngama ilijazwa hadi juu, ikafungwa, kisha miti mingine ikarundikwa sitahani na kufungwa kwa kamba. Hadithi za bandarini zinasema panya walionekana wakiteremka kwa kamba za gati, jambo ambalo mabaharia wa dunia nzima hulichukulia kuwa nuksi. Mimi panya hawa nawatilia shaka: hutokea katika kila habari ya chombo kilichozama, na siku zote huonekana baada ya chombo kuzama. Habari ya baharia Hogan Hoganson ina mashiko zaidi. Magazeti ya wakati huo yaliandika kwamba alitazama urefu wa mrundo wa sitahani, akakataa kusafiri, akapanda treni kurudi Chicago. Mtu anayejinunulia tiketi ya treni wakati nafasi ya bure ipo mbele yake anakuwa ameona kitu.

Kwa nini wasingoje hali ya hewa itulie? Mti ukikatwa mapema huanza kupukutisha majani kabla ya sikukuu, kwa hiyo ulikatwa Novemba. Ukichelewa kufika, wenye maduka wameshaleta ya kwao kwa reli na bei imeanguka. Safari ya kutoka Thompson hadi Chicago ni karibu urefu wote wa ziwa, zaidi ya kilomita 400, na kwa upepo mzuri wa kaskazini ilichukua siku mbili tatu. Upepo wa kaskazini ulikuwapo. Kama Schuenemann aliutazama na kuuona baraka, alikuwa na sababu.

Ubaya wa Novemba katika maziwa yale ni kwamba maji bado yana joto kidogo la kiangazi huku hewa ikishuka kutoka kaskazini ikiwa na baridi ya barafu. Zinapokutana, dhoruba huzaliwa kwa saa chache. Mwaka uliofuata, Novemba 1913, dhoruba ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 250 katika Maziwa Makuu, wengi wao ndani ya meli za chuma. Kwa chombo cha mbao chenye mrundo wa misonobari sitahani palikuwa na hatari nyingine. Mawimbi hurusha maji, na maji yakigusa kamba, matanga na matawi huganda hapo hapo. Kila tawi hugeuka kitanzi cha kunasia barafu. Ule mzigo uliosifiwa kwa wepesi unaongezeka uzito kila dakika, na uzito wote unakaa juu, mahali pabaya kuliko pote kwa chombo kinachoyumba.

Jumamosi mchana, tarehe 23, mlinzi wa kituo cha waokoaji cha Kewaunee, pwani ya Wisconsin, alikiona. Ilikuwa saa 8:50. Mkuu wa kituo, Nelson Craite, alichukua darubini akaona skuna ya milingoti mitatu, maili tano au sita kutoka ufukweni, ikienda kusini, bendera yake ikipepea nusu mlingoti. Hiyo ilikuwa ishara ya kuomba msaada. Upepo ulikuwa wa kaskazini-magharibi, mkali.

Kituo cha Kewaunee kilikuwa na mashua ya makasia tu. Kuifukuza skuna inayosukumwa na dhoruba kwa makasia ni sawa na kukimbilia treni kwa miguu. Craite akaulizia boti la kuvutia meli lililokuwa na mtambo, akaambiwa limeondoka bandarini mapema siku ile. Saa 9:10 akapiga simu kituo cha Two Rivers, zaidi ya kilomita 30 upande wa kusini, kwa sababu huko palikuwa na boti la waokoaji lenye injini. Mkuu wa huko, George Sogge, alishusha boti lake, Tuscarora, akaenda na watu wake kukitafuta chombo mahali alipokisia kingekuwa kimefika kwa mwendo ule.

Kewaunee waliendelea kutazama. Saa 10:20 wakaipoteza machoni.

Sogge na wenzake walipita rasi ya Rawley, wakasaka hadi giza na theluji vikafunga, wakarudi bila kuona kitu. Simulizi nyingi za baadaye zinasema walikiona kwa mbali kikiwa kimevaa barafu tupu, matanga yamechanika, kisha theluji ikakifunika. Ni picha nzuri kwa mchoraji. Ninayoamini ni kumbukumbu za vituo, kavu na fupi, zinazotaja saa, upepo, umbali na simu zilizopigwa. Watu wale walifanya kila lililowezekana kwa vifaa walivyokuwa navyo, ndani ya saa moja na nusu kamili ya mwanga.

Waliofia mle ndani walikuwa wangapi? Orodha zilizochapishwa hazikubaliani, na nyingi zinaangukia kati ya watu 10 na 20. Mbali na mabaharia, inasemekana walikuwamo wakata miti waliopewa nafasi ya kurudi Chicago kwa ajili ya sikukuu. Hao hawakuandikwa popote. Urefu wa chombo tunaujua hadi nusu ya futi, lakini watu wake hatukuwahesabu.

Desemba ile ile Barbara na binti zake waliuza miti Chicago. Haikuwa miti ya Thompson. Walisaidiwa kupata mingine, na watu wa jiji wakaja kununua, wengine kwa huruma, wengine kwa sababu walihitaji mti. Misonobari ya Rouse Simmons ilikuwa inaanza kutokea upande mwingine: wavuvi wa Two Rivers walikuwa wakitupa nyavu na kuvuta matawi. Waliyavuta kwa miaka. Palisemwa pia habari za barua za kwaheri zilizookotwa ndani ya chupa, na magazeti yakazichapisha kwa furaha kubwa. Mtu aliye kwenye sitaha iliyoganda, akivuta pampu, apate kalamu, karatasi, chupa na kizibo? Aaminiye aamini.

Kilichookotwa kweli ni pochi. Mwaka 1924 wavuvi wa boti la Reindeer walivuta wavu karibu na Two Rivers wakakuta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitambaa kisichopitisha maji. Ndani yake mlikuwa na pochi ya Schuenemann, na ndani ya pochi kadi zake za biashara na vipande vya magazeti. Miaka 12 chini ya maji, na karatasi bado zilisomeka.

Chombo chenyewe kilikaa kimya hadi tarehe 30 Oktoba 1971. Mpiga mbizi wa Milwaukee, Kent Bellrichard, alikuwa akiitafuta Vernon, meli ya mvuke iliyozama mwaka 1887. Aliwauliza wavuvi wapi nyavu zao hunasa, akapita hapo na mtambo wa kupima kwa mwangwi, akaona umbo. Akashuka mita 50 hivi, taa yake ikamzimikia, akabaki akipapasa mbao gizani. Aliporudi tena na taa nzima hakuikuta Vernon. Alikuta skuna imekaa wima sakafuni, na ngamani misonobari imepangwa kama ilivyopangwa Thompson, mingine ingali na majani yake. Maji ya ziwa lile ni baridi na hayana chumvi, na yule funza wa baharini anayetoboa mbao za majahazi yetu haishi humo. Bellrichard alipandisha miti miwili. Mmoja uliwekwa kwenye benki ya Milwaukee watu wautazame.

Kuhusu kilichoizamisha, mabaki yametoa fununu zaidi ya chupa zote. Wapiga mbizi walipokagua tezi waliona gurudumu la usukani halipo. Mwaka 1999 wavu wa wavuvi ukalileta juu, limepindika, kutoka mahali palipo zaidi ya kilomita mbili kaskazini mwa mabaki. Yaani lilianguka kwanza, na chombo kikaendelea kwenda bila usukani kabla ya kuzama. Dhana inayokubalika ni kwamba boriti nzito ya tanga la nyuma ilichomoka katika dhoruba ikalipiga na kuling'oa. Wanaakiolojia wa Wisconsin walioyapima mabaki mwaka 2006 waliikuta milingoti imelala mbele ya omo, na minyororo ya nanga imetandazwa, jambo linaloelekea kuonyesha kwamba nahodha alijaribu kutia nanga ili omo igeuke ikabili mawimbi, kisha chombo kikaingia maji kwa pua. Ukiwa huna usukani, nanga ndiyo silaha ya mwisho. Schuenemann aliijaribu, na kwangu mimi hilo linamheshimu kuliko kofia nyekundu ya Santa.

Leo mabaki yanalindwa na sheria, ila hakuna sheria inayowazuia kome wadogo waitwao quagga, walioletwa na meli kutoka upande wa Bahari Nyeusi ndani ya maji ya kusawazishia uzito. Wamejipachika kwenye karibu kila mbao iliyo sakafuni mwa ziwa. Gurudumu lipo kwenye makumbusho ya wavuvi ya Two Rivers. Na tangu mwaka 2000 meli ya kuvunja barafu ya walinzi wa pwani wa Marekani, Mackinaw, hupeleka Chicago misonobari ya kugawiwa familia maskini. Inafika bila wasiwasi, ina injini.

Barabara ya Chicago iliendelea kumjua Barbara Schuenemann kwa miaka 20 mingine. Skuna zilipotoweka ziwani alileta miti yake kwa reli na kuiuza msimu baada ya msimu, yeye na binti zake, hadi alipofariki mwaka 1933. Alizikwa katika makaburi ya Acacia Park. Jiwe lina majina mawili, lake na la Herman, na katikati umechongwa msonobari mdogo. Chini ya jiwe yumo Barbara peke yake.